Vitabu vya Dunia Vilivyonilea Katika Imani

Nje ya nyumba ya wazazi wangu, mtu wa kwanza kunifundisha huruma alikuwa Mwislamu wa Tanga aliyefariki mwaka 1962, kabla mimi sijazaliwa. Jina lake Shaaban Robert. Kitabu chake, Adili na Nduguze, kaka yangu alikuja nacho likizo kutoka sekondari, jalada limeshabanduka, nami nikakisoma nikiwa darasa la sita. Leo mimi ni mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri na mwalimu wa Kiswahili wa muda mrefu. Nimesikia mahubiri mengi mazuri. Lakini nikitaja yale yaliyoniumba kama Mkristo, siwezi kukiruka kitabu kile, wala vingine kadhaa ambavyo havikuandikwa kwa ajili ya kanisa.

Baba alikuwa mwinjilisti kijijini kwetu, mkoani Kagera. Alikuwa mtu wa Uamsho, ule ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 ukaenea hadi kwetu. Ndugu wa Uamsho walifundishana kuungama bila kuficha, kurudisha walichoiba, kuomba radhi hata kwa watoto wao. Nimemwona baba akiniomba radhi mimi mtoto wake, mbele ya mama, na mpaka leo sijui shule gani ingenipa somo kubwa kuliko lile. Katika nyumba ile mezani palikuwa na Biblia, Katekisimo Ndogo ya Luther na kitabu cha nyimbo. Vilivyobaki vyote viliitwa mambo ya dunia. Baba alipokiona kitabu cha kaka, aliuliza swali moja tu: “Kinamtaja Yesu?” Nikajibu, “Hapana, Baba.” Akasema, “Basi kisikae meza moja na Biblia.” Hakukichoma wala hakukitupa. Nikakihamishia jikoni, nikakimalizia huko.

Waliosoma wanaikumbuka hadithi. Adili ni liwali wa Janibu, mtu anayesifiwa kwa haki. Kila usiku anawatoa manyani wawili, anawachapa kwa mjeledi, kisha anawafuta machozi na kuwalisha chakula kizuri, huku yeye mwenyewe analia. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa kijicho. Jini Huria ndiye aliyewageuza na kumwamuru Adili awaadhibu kila usiku. Mambo yanakwenda hivyo mpaka mfalme Rai anapoijua siri na kuwaombea, nao wanarudishiwa ubinadamu wao.

Fimbo nilikuwa naifahamu, ya nyumbani na ya shuleni. Mtu anayeadhibu huku analia sikuwa nimemwona. Wala sikuwa nimewahi kuona mtu aliyekosewa vibaya hivyo anayewaandalia waliomkosea sahani ya chakula. Jambo ambalo baba hakulitarajia ni kwamba kitabu kile kilinirudisha kwenye Biblia. Habari za Yusufu na kaka zake nilikuwa nazikariri tangu shule ya Jumapili: kanzu, shimo, Misri, njaa. Baada ya Adili nikaisoma tena Mwanzo, na safari hii nikaona kitu ambacho nilikuwa nakipita tu. Yusufu anajitenga nao analia. Sura inayofuata anaingia chumbani kulia, halafu ananawa uso ndipo atoke kula. Kumbe machozi yalikuwapo siku zote katika maandiko yale, ila mimi nilikuwa naisoma habari ile kama ya mtu aliyeshinda. Ilibidi manyani wa Janibu wanifumbue macho.

Nilipokabidhiwa nidhamu katika shule ninayofundisha, somo hili lilinidai. Kijana aliiba simu ya mwenzake bwenini, na wanafunzi walitaka achapwe mbele ya paredi. Nilijiuliza kama niko tayari kumlisha baada ya kumwadhibu. Adhabu alipata, kwa sababu wizi ni wizi na mwenye simu naye alikuwa mtoto wa mtu. Lakini nilikaa naye jioni ile, nikampigia simu mama yake nikijua ninachotafuta, na nikagundua kwamba ada yake ilikuwa haijalipwa muhula mzima na alikuwa anaogopa kufukuzwa. Haya ningeweza kuyajua kwa Injili peke yake, mtu atasema. Ndiyo. Injili ninayo tangu utotoni. Ila moyo wangu ulihitaji kuona sura ya jambo hilo kwa mtu, usiku, ana mjeledi mkononi.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema kwa Wakristo wenzangu. Amri za Mungu zinaniambia waziwazi dhambi ni ipi. Hadithi nzuri inanionyesha njia ambayo mtu wa kawaida, hata mtu mwema, huipita hatua kwa hatua mpaka akaifikia dhambi hiyo akiamini anafanya haki. Kama sijaiona njia hiyo, nitakuwa juu yake siku moja nikiimba zaburi.

Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikatoka mwaka 1963, akairekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Alikuwa rais wa nchi changa, na muda wake wa kupumzika akautumia hivyo. Huyu alikuwa Mkatoliki aliyehudhuria misa kwa uaminifu, ambaye Kanisa lake lilifungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu mwaka 2005 kupitia Jimbo la Musoma. Uzeeni aligeuza Injili zote nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Mimi Mlutheri namheshimu sana kwa hilo. Mkono ulioandika tenzi za Injili ndio ulioandika maneno ya Brutus, yule rafiki wa Kaizari anayeshiriki kumuua, na sidhani kama aliona anatumikia mabwana wawili.

Brutus alinisaidia katika jambo zito kuliko yote niliyopitia kanisani. Miaka kadhaa iliyopita, usharika niliokuwa nikiutumikia uliingia katika mgogoro na mchungaji wake. Sitautaja usharika wala watu, kwa kuwa wengi bado wapo na wameshapatana. Manung'uniko yalianza kwa hesabu za sadaka ya ujenzi. Kisha zikaanza barua zisizo na jina, zikisukumwa chini ya mlango usiku. Niliamka nikakuta moja kwangu. Ilisema waumini wanasubiri mtu mwenye msimamo, na kwamba mtu huyo ni mimi. Siku chache baadaye wazee watatu walikuja nyumbani baada ya chakula cha jioni. Ni watu wazuri, mmoja wao alimsimamia mwanangu wa kwanza kwenye ubatizo. Walikuwa na karatasi ya kusaini, ya kuomba mchungaji aondolewe, na walitaka ipelekwe kwa viongozi wa juu bila yeye kujua na bila kupitia baraza.

Mmoja akasema, “Mwalimu, sisi wengine watu watasema tuna chuki. Wewe wanakuamini. Ukisaini, itaonekana ni haki.”

Waliosoma tamthilia ile wataelewa kwa nini nilinyamaza kwa muda. Cassius, anayeongoza njama, anamtupia Brutus barua za uongo dirishani, zikijifanya zimetoka kwa raia wa Roma. Na Casca, mmoja wa wanaonjama, anasema wazi kwamba wanamhitaji Brutus kwa kuwa jambo ambalo kwao lingeonekana ni ovu, yeye akiwemo litaonekana ni wema. Brutus anatembea bustanini usiku akitafuta sababu ya kumuua rafiki yake, na anakiri moyoni kwamba hana kisa chake binafsi na Kaizari. Wala hajaona bado kosa lenyewe. Sababu anayoipata ni juu ya kile Kaizari anachoweza kuwa baadaye: ni yai la nyoka, liuawe lingali ndani ya ganda lake. Hakuna mtu safi kuliko Brutus katika tamthilia nzima, na ndiye anayeupa mauaji heshima.

Nikawauliza wageni wangu, “Amefanya nini?”

“Akiachwa atauza kiwanja cha kanisa.”

“Atauza, au ameuza?”

Walitazamana. Nikawaambia sitasaini, ila niko tayari kusimama katika baraza, mchungaji akiwepo, na kuuliza swali la hesabu kwa sauti, kila mmoja asikie. Ikawa hivyo. Baadhi ya malalamiko yalikuwa na ukweli: stakabadhi hazikutunzwa, na fedha za ujenzi zilikuwa zimetumika kulipa madeni mengine bila idhini. Kiwanja hakuna aliyekuwa amekigusa. Mambo yakarekebishwa hadharani kwa maumivu na aibu, na mchungaji akaomba radhi madhabahuni. Mmoja wa wale wazee hakunisalimia kwa muda mrefu.

Mathayo 18 nilikuwa naijua kwa moyo tangu darasa la kipaimara: nenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu, kisha chukua mmoja au wawili, kisha liambie kanisa. Nilichokuwa sina, na ambacho Biblia katika ufupi wake haikunieleza kwa kirefu, ni jinsi jaribu linavyosikika linapozungumza kwa lugha ya haki, ya kulitetea kanisa, ya kuwajali waumini. Sauti hiyo niliitambua sebuleni kwangu kwa sababu nilikuwa nimeisikia katika bustani ya Brutus.

Ile tamthilia nyingine ya Venisi inanisumbua kwa namna tofauti, na naamini kila Mkristo angepaswa kusumbuliwa nayo. Shylock, Myahudi mkopesha fedha, anadai ratli ya nyama ya mwili wa mdeni wake, na hakuna wa kumtetea katika hilo. Lakini Wakristo wa mji ule wanamtemea mate sokoni, kisha Portia, mwanamke aliyejifanya mwanasheria, anatoa mahakamani maneno mazuri kabisa juu ya rehema, na dakika chache baadaye wanamnyang'anya mali na kumlazimisha awe Mkristo. Ubatizo unatumika kama sehemu ya hukumu. Mara ya kwanza nilipofika hapo na wanafunzi wangu nilifunga kitabu kidogo, kwa huzuni. Nimezoea kujiona upande wa Portia. Kitabu kilinikalisha mahali pa Shylock, nikalitazama kanisa kutoka pale.

Sasa nifike kwenye kitabu kilichonigharimu maneno mengi kuliko vyote. Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilipigwa marufuku mashuleni. Mwandishi wake alizaliwa Namagondo, Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi, na jina la kitabu amelitoa katika litania ya Bikira Maria, pale Wakatoliki wanapomwita “Waridi lenye fumbo.” Si kitabu cha mtu asiyejua kanisa. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali, anayempiga vibaya binti yake kwa ajili ya barua ya kijana. Anamlinda kwa hofu, hamfundishi chochote. Rosa anatoka nyumbani akiwa hajui kukataa wala kukubali, na dunia inampokea. Anaharibika, anataka kurudi, anakuta mlango wa kurudia umefungwa, na anajiua. Mwishoni kabisa riwaya inawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja na mashtaka yake.

Nilikisoma chuoni nikiwa na miaka ya ishirini, nikakiona ni kitabu cha majonzi. Nilikielewa nilipokuwa mzee wa kanisa. Binti wa kwaya ya vijana, mwanafunzi wa kidato cha pili, alipata ujauzito. Kwa taratibu zetu alipaswa kuwekwa chini ya nidhamu, akae nje ya meza ya Bwana, na baadaye arudi kundini mbele ya usharika mzima. Anayejua ibada hiyo anajua nani husimama pale mbele. Ni msichana, peke yake, tumbo au mtoto akiwa ushahidi. Kijana husali usharika mwingine, au huhama, au hasemwi kabisa. Na baba wa binti huyu alikuwa mtu wa heshima kwetu, aliyejulikana kwa ukali wake, tuliyekuwa tukimsifia malezi.

Barazani nilisema nililoliweza. Sikupinga nidhamu, maana ninaamini kanisa lisilo na neno juu ya dhambi halina neno juu ya msamaha. Nilisema tukimsimamisha Rosa lazima tumtembelee na Zakaria. Wengine hawakujua ninamsema nani, ikabidi nisimulie kitabu chote pale mezani, na nilipofika mwisho mama mmoja wa baraza alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Tuliamua mambo ambayo hatukuwahi kuyafanya. Tuliuandikia usharika wa yule kijana. Wazee wawili walienda kuzungumza na baba, siyo juu ya binti, juu yake yeye: lini mara ya mwisho alikaa na mwanawe bila kumkaripia. Na siku ya kurudi kundini binti hakusimama peke yake, mama wanne wa usharika walisimama naye, wawili kila upande. Serikali ilikuwa imesharuhusu, tangu Novemba 2021, wasichana waliojifungua warudi shuleni, hivyo sadaka ya Jumapili moja tuliielekeza kwenye sare na madaftari yake.

Najua kitabu hicho kina kurasa ambazo siwezi kuwasomea watoto wa kipaimara. Nawaambia wazazi ukweli huo. Lakini nawaambia pia kwamba watoto hao wanaona mengi zaidi kwenye simu zao, bila Zakaria, bila mwisho, bila Mungu akiuliza maswali.

Vijana ndio walionifanya nianze kusoma nao Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya. Tunasoma kwa kupokezana, kwa sauti. Shujaa Okonkwo, ile tafsiri ya riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1973, iliwagusa wavulana kuliko nilivyotegemea. Okonkwo anashiriki kumuua Ikemefuna, mtoto anayemwita baba, ingawa mzee wa kijiji amemwonya asiwe na mkono katika jambo hilo. Anafanya hivyo kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Mvulana mmoja alisema, “Mwalimu, huyu si katili. Anaogopa.” Tulikaa na neno hilo jioni nzima. Kisha tukafika kwa Nwoye, mwanawe, anayevutwa na wimbo wa wamisionari kabla hajaelewa mafundisho yao. Wimbo ule unaonekana kujibu kilio alichokibeba kimyakimya, cha mapacha waliotupwa porini na cha Ikemefuna. Babu zetu wengi waliingia kanisani kwa mlango huohuo, wakiwa na kilio ambacho mila haikukijibu. Achebe hajalificha kosa la kanisa katika kitabu hicho, na kwa sababu hiyo vijana walimwamini alipoonyesha pia lilichotoa.

Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ilizaa mjadala mkali zaidi. Wanaikumbuka historia ya Vita vya Maji Maji kutoka darasani, 1905 hadi 1907. Tamthilia inawapa kitu kingine: mtu aliyepokea kutoka kwa Hongo, roho wa mtoni, maji yaliyoaminiwa kuzuia risasi, akawaunganisha watu waliokuwa wamegawanyika, kisha akaanza kuyatilia shaka maneno yake mwenyewe, wakati neno limeshamponyoka na watu wanalipenda kuliko wanavyompenda yeye. Anawaomba wangoje. Hawangoji. Binti mmoja, mtulivu sana, ndiye aliyeuliza: “Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mkweli, na bado neno lake likaua watu?” Stendi ya mabasi ya mji wetu inauza chupa za maji ya upako, na kila mmoja katika chumba kile alikuwa na ndugu aliyenunua. Tukafungua Yeremia 28, Hanania anavyolivunja lile kongwa la mti mbele ya watu wote na kuwaahidi amani ndani ya miaka miwili. Nimehubiri mara kadhaa juu ya manabii wa uongo, na vijana huniitikia kwa heshima tu. Siku ile walibishana mpaka giza likaingia.

Bila shaka nimeulizwa maswali, na waulizaji hawana nia mbaya. Mzee mmoja aliniletea Matendo 19, pale Waefeso waliookoka wanapochoma vitabu vyao hadharani, thamani yake fedha elfu hamsini. Nilimwomba tusome pamoja tangu mstari wa juu. Vilikuwa vitabu vya uganga. Sura mbili nyuma, Paulo huyohuyo yuko Athene, na katikati ya mahubiri anamnukuu mtunga mashairi wa Kiyunani: “Maana sisi sote tu wazao wake.” Anamwandikia Tito maneno ya mshairi wa Krete. Onyo lake kwa Wakorintho kwamba mazungumzo mabaya huharibu tabia njema lilikuwa tayari katika tamthilia ya Menander, mtunzi mwingine wa Kiyunani. Mtu hawezi kunukuu hivyo kama hajasoma, na akakumbuka alichosoma.

Kwa Walutheri wenzangu nina ushahidi wa karibu zaidi. Mwaka 1530, wenzake wakiwa Augsburg kuitetea imani mbele ya mfalme mkuu, Luther alibaki katika ngome ya Coburg. Kutoka huko alimwandikia mwenzake Melanchthon kwamba atajenga vibanda vitatu, kimoja cha Zaburi, kimoja cha Manabii, na kimoja cha Aesop. Aesop ni yule mtunzi wa kale wa Wayunani, wa hekaya za mbweha na simba. Na Luther alianza kweli kuzigeuza hekaya hizo kwa Kijerumani cha watu wa kawaida, katika miezi ileile ambayo Ungamo la Augsburg lilikuwa linasomwa. Niliposoma barua hiyo barazani palikuwa kimya, kisha mchungaji wetu akaomba nimwazime kitabu.

Wakatoliki nao wamepata neno. Papa Francis aliandika barua nzima juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, ikatoka Agosti 2024. Alikusudia kwanza kuwaandikia wanaoandaliwa kuwa mapadri, akaona inamhusu kila Mkristo. Anakumbuka humo miaka ya 1964 na 1965, alipofundisha fasihi katika shule ya Wajesuiti huko Santa Fe, Argentina. Na zamani sana kabla yake, katika karne ya nne, Basili, askofu wa Kaisaria, aliwaandikia vijana jinsi ya kusoma vitabu vya wapagani, akawafananisha na nyuki, ambao hawatui kila ua, wala hawabebi ua zima.

Maneno ya Basili nayachukulia kwa uzito, kwa sababu si kila kitabu kinalea. Kuna riwaya nyingi za mapenzi na za upelelezi, zingine zimeandikwa kwa ufundi, ambazo nimezifunga nusu na sikuzirudia. Kipimo changu hakihusu kama dhambi imetajwa. Biblia imetaja dhambi ambazo magazeti yetu yangeona haya kuzichapa. Najiuliza, nikikifunga kitabu hiki na kutoka nje, je, jirani yangu nitamwona mtu zaidi, au nitamwona kitu? Kuna vitabu vinavyokufundisha kumtazama mwanamke kama nyama na maskini kama mandhari, na vingine kati ya hivyo vina aya za Biblia kwenye jalada. Na kuna vitabu vya watu wasiosali kabisa ambavyo vimenifanya nishindwe kumpita ombaomba.

Kuhusu baba, alizeeka vizuri. Macho yalipomwishia nilikuwa nikimsomea Biblia jioni, na mara moja niliposimama kwenye habari za Yusufu nilimweleza yale machozi, na nani aliyenionyesha. Akauliza jina la mwandishi, nikamtajia. Akasema, “Mungu amlipe.” Aliniambia nimsomee na hicho kitabu. Tulikifikisha karibu nusu.

Mwaka huu usharika wetu umetenga rafu moja katika ofisi ya vijana kwa ajili ya vitabu vya fasihi, na baraza limepitisha orodha niliyoipeleka, isipokuwa Rosa Mistika. Sababu iliyotolewa ni zile kurasa. Nimependekeza kisomwe na wazazi kwanza, katika ibada za nyumba kwa nyumba, bila watoto, na kila baba asome sura za Zakaria kwa sauti yake mwenyewe. Pendekezo limepangwa kwenye kikao kijacho, na safari hii nitaongozana na yule mama aliyejifunika khanga, ameniambia ana la kusema.